Picha ya mama wa Kijerumani aliyoacha babu

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Lindi mjini. Marehemu babu alikuwa mpishi wa Mjerumani kwenye shamba la mkonge, ametuachia picha ya mama wa kizungu, gauni jeusi na kola ya lesi, fremu ya dhahabu imemeguka. Chini pembeni kuna jina halisomeki, halafu "München 1884". Kuna jamaa anatoa laki tatu anasema ni ya kuprinti tu. Nilijaribu kuifuta kona na limao, pamba ikatoka ya njano na wekundu kidogo. Nimuuzie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza limao liache leo hii hii, ile njano yaweza kuwa vanishi iliyozeeka lakini ule wekundu yaelekea ni rangi yenyewe inatoka, na ikitoka hairudi tena. Maji na sabuni ya unga pia usithubutu, turubai (kitambaa kilichochorewa picha) likinywa maji linajikunja na rangi inabanduka vipande vipande.

Huyo jamaa usimuuzie bado. Chukua lenzi uangalie shavu la huyo mama, ukiona vinukta vinukta basi kweli ni ya kuprinti, ila ukiona mistari ya brashi na nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, hiyo imechorwa kwa mkono. Wazungu wa wakati ule walikuwa wanaprinti picha wanapaka vanishi juu ifanane na ya rangi ya mafuta, kwa hiyo macho tu hayatoshi. Halafu igeuze, mi huwa naanzia huko nyuma, utafute muhuri wa duka lililouza turubai, karatasi iliyobandikwa, misumari yenye kutu, kabari za mbao kwenye kona. Vyote hivyo vipige picha kwenye mwanga wa dirisha, na ile sahihi ipige kwa karibu kabisa.

München, jiji la Ujerumani, kulikuwa na chuo kikubwa cha sanaa tangu 1808 na wachoraji wa sura za watu walijaa, mmoja ni Franz von Lenbach aliyemchora Bismarck, kansela wa Ujerumani wakati ule, mara nyingi. Jina la mchoraji likiwa kubwa bei inapanda sana, lisipojulikana na huyo mama naye hajulikani, mara nyingi ni mamia ya yuro. Nyumba za mnada za kule kama Ketterer Kunst au Neumeister wanakadiria kwa picha, tuma tu. Ila kabla haijatoka nchini waulize Idara ya Malikale, ofisi ya serikali ya vitu vya kale, kuhusu kibali.

Kwa sasa itoe ukutani kama ukuta unatoa chumvi, maana kwa hali ya hewa yetu ya pwani ukungu na mchwa hawachelewi, na hiyo fremu iliyomeguka vipande vyake viweke kwenye bahasha usitupe hata kimoja.