Maswali ya Wasomaji: Fedha za Serikali kwa Nyumba na Maendeleo ya Mtaa

Swali: *Sisi ni akina mama wa Igogo, Mwanza, tunaogonga kokoto mlimani. Tumesikia kuwa Serikali inatoa ruzuku ya kujenga na kukarabati nyumba za watu wa kipato cha chini, na kuna kijana anatuuzia fomu kwa shilingi elfu ishirini kila mmoja. Je, fomu hizo ni halali? Na kama si halali, ruzuku yenyewe tunaiomba wapi?*

Jibu: Akina mama, fomu hizo msizinunue. Hatuujui mfuko wowote wa Serikali unaomkabidhi mwananchi mmoja mmoja fedha za bure ili ajenge nyumba yake, na anayewauzia fomu ya mfuko wa namna hiyo anastahili kutajwa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambao simu yao ya bure ni 113.

Yaelekea mmechanganyiwa mambo mawili yaliyo ya kweli. La kwanza ni TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kwa hakika hutoa ruzuku kwa kaya maskini. Lakini kaya hizo huibuliwa na wananchi wenyewe katika mkutano wa hadhara, na fedha inayotolewa ni ya kuiwezesha kaya kula, kusomesha watoto na kuwapeleka kliniki. Wapo walengwa waliojibana wakanunua bati kidogo kidogo, nao wanastahili pongezi, ila mpango haukuwekwa kwa ajili ya ujenzi.

La pili ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka itengwe kwa ajili ya wanawake asilimia nne, vijana asilimia nne na watu wenye ulemavu asilimia mbili. Utaratibu huu ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi katika utoaji na urejeshaji, kisha ukarudishwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Huu ni mkopo usio na riba, wala si ruzuku: unarejeshwa, na hutolewa kwa shughuli ya kuzalisha mali. Kikundi kitakachoandika kwamba kinaomba fedha za kuezeka nyumba za wanachama kitarudishiwa andiko lake, yaani maelezo ya mradi wake, mapema.

Hata hivyo, ninyi mna kazi mkononi tayari. Andiko linaloeleza kwamba kikundi kinagonga kokoto na kwamba kinataka mashine ya kufyatulia tofali ili kiuze vyote viwili kwa mafundi wa Buhongwa na Kisesa, ambako watu wanajenga kila siku, ni andiko ambalo Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kulisimamia bila wasiwasi. Yeye ndiye wa kuanza naye, kwa sababu ndiye anayewaongoza katika kuandika katiba ya kikundi, kusajili, kufungua akaunti ya benki na kuingiza maombi kwenye mfumo. Huduma yake ni ya bure. Faida itakayopatikana, baada ya marejesho, mtaipanga ninyi wenyewe, na hapo ndipo nyumba zinapoingia: wanachama wakiiweka katika SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) iliyosajiliwa, wataweza kukopa kwa ajili ya ujenzi wa hatua kwa hatua bila kuangukia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ambayo imewauzisha watu makochi na magodoro.

Swali: *Kijijini kwetu Ukerewe tulichangishana tukajenga boma la zahanati hadi usawa wa lenta. Limesimama miaka, na kuta zimeanza kuota majani. Kila kiongozi anayekuja anasema fedha zinakuja. Tufanye nini?*

Jibu: Mzee wetu, swali lako ni la wengi kandokando ya ziwa hili, hivyo tutalijibu kwa kirefu.

Serikali huwa inamalizia maboma, yaani majengo ambayo hayajakamilika, yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi, na katika miaka ya karibuni kiasi kilichozoeleka ni shilingi milioni 50 kwa boma la zahanati na milioni 12.5 kwa boma la chumba cha darasa. Lakini fedha hizo hazitoki kwa sababu boma lipo. Hutoka kwa sababu boma limeandikwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti yake huanza kupikwa miezi mingi kabla: mapendekezo ya vijiji hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakafika kwa wataalamu wa halmashauri, na Baraza la Madiwani huyapitisha mwanzoni mwa mwaka kabla ya Bunge kukaa Dodoma kuanzia Aprili. Anayemkumbusha diwani mwezi Mei amechelewa mwaka mzima, hata kama diwani huyo ataitikia kwa kichwa na kuahidi mbele ya watu.

Kwa hiyo, itisheni mkutano mkuu wa kijiji mapema, ikiwezekana kabla ya Novemba, boma likiwa ajenda inayojitegemea na si jambo la kutajwa katika mengineyo. Muhtasari uandikwe ukitaja michango iliyokwisha kutolewa: fedha, mchanga, mawe na siku za nguvu kazi, kwa sababu mchango usioandikwa huhesabika kuwa haukutolewa. Uambatanishwe na orodha ya mahudhurio yenye saini pamoja na uthibitisho kwamba eneo ni la kijiji, maana maboma yenye mgogoro wa ardhi ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Kisha mwombeni mhandisi wa halmashauri aje akague kuta, kwani boma lililonyeshewa kwa miaka huenda likahitaji kubomolewa kozi za juu kabla ya kubeba paa, na ni heri kulijua hilo kabla ya fedha kufika.

Jambo moja la watu wa visiwani: hakikisheni makadirio ya gharama hayakuandikwa kwa bei za Mwanza mjini. Mfuko wa saruji unaopakiwa kwenye gari, ukavushwa, ukapakuliwa na kubebwa tena hadi kijijini haubaki na bei ya duka la Kirumba, na tofauti hiyo ndiyo inayoacha zahanati ikiwa na paa lakini haina milango.

Mkiona njia ya bajeti ni ndefu, upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha zake si nyingi, lakini zinafaa sana kwa bati na mbao za boma kama lenu. Mwandikieni rasmi kupitia kwa Mtendaji wa Kata, mkiambatanisha muhtasari uleule. Ahadi za jukwaani zisizo na barua hatuzihesabu.

Swali: *Shemeji yangu yuko Marekani, anasema kule serikali inawapa watu ruzuku ya nyumba na maendeleo ya jamii. Mtu wa Mwanza anaweza kuiomba?*

Jibu: Hapana. Ruzuku anayoisema yaelekea ni ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974 chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya huko, nayo hutolewa kwa majiji, wilaya na majimbo ya Marekani, kwa sharti kwamba angalau asilimia 70 ya fedha iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Hata mkazi wa Chicago hapelekewi fedha hiyo mkononi na wizara. Huomba kupitia mpango wa jiji lake, na jiji hulazimika kuwasikiliza wakazi kabla ya kupanga matumizi.

Swali: *Nina kiwanja karibu na maji, Luchelele. Tunataka kukitoa kwa ajili ya ofisi ya kikundi na ukumbi, halafu tuombe halmashauri itusaidie kujenga. Kuna kizuizi?*

Jibu: Kipo, na ni cha kupima kwa mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na halmashauri haiwezi kuweka fedha za umma kwenye jengo ambalo sheria inaitaka iliondoe. Kumbukeni pia kwamba Ziwa Victoria hupanda. Mwaka 2020 maji yalifika mahali ambapo wengi walikuwa wamelala kwa amani. Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe mpima aonyeshe mstari wa mita 60 unapita wapi. Kama sehemu ya kiwanja iko nje ya mita hizo, upande wa nchi kavu, choresheni ramani ya jengo kwa sehemu hiyo tu, na mkabidhi eneo kwa maandishi kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si kwa jina la mwenyekiti wake.