Mahojiano matatu, wiki tisa, na hoteli bado kimya

Dada, umesema umehojiwa mara tatu tangu Aprili kwa kazi ya jikoni huko Malindi, na sasa wanataka siku tatu za majaribio bila malipo, lakini kuhusu uamuzi bado kimya. Kwanza angalia kalenda. Aprili hadi Juni ni masika, wageni hupungua, hoteli nyingi hufunga au hubaki na wafanyakazi wachache. Mameneja huhoji mapema lakini nafasi hupitishwa vyumba vikianza kujaa, Julai. Kimya hicho si lazima kiwe kukataliwa.

Mwandikie anayesimamia uajiri, mistari minne tu: tarehe ya mahojiano ya mwisho, nafasi uliyoomba, lini uamuzi, nani anaamua. Baada ya siku saba, piga simu asubuhi, kabla ya pilikapilika za chakula cha mchana.

Majaribio? Zamu moja ya muda wa saa nne yatosha kuona mtu anavyoshika kisu. Siku tatu ni kazi. Omba posho, kwa maandishi.

Wakati huo tayarisha karatasi. Cheti cha afya cha washika chakula hudumu miezi sita, basi usipimwe mapema mno. Cheti cha maadili mema, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, huombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Fomu yake ya alama za vidole ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Wengi huchapisha mbili, wakarudishwa.

Wakikuitisha pesa ya "usajili", ondoka. Na ukipata, kipindi cha majaribio kwenye mkataba kisizidi miezi sita, ila ukikubali kuongezewa.