Mfiwa akikuuliza uovu umetoka wapi, usimjibu (mi nilijibu)

Nianze na aibu yangu kabisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kiongozi wa vijana kanisani, ndo nimetoka semina, daftari limejaa, najiona mwanatheolojia. Dada yangu akafiwa na mtoto wa miezi minane, homa ya siku mbili tu. Siku ya tatu ya msiba naingia chumbani namkuta anakunja kisweta cha njano cha mtoto, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena. Akaniuliza bila kuniangalia, "We si unasoma sana Biblia, haya mambo yanatoka wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu. Nikaanza na Lusifa kuanguka, nikaja kwa Adamu na Hawa, uhuru wa kuchagua, ardhi kulaaniwa, kama dakika kumi hivi nimesimama mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa mdogo wangu", akarudi kwenye kisweta. Mpaka arobaini inapita alikuwa ananijibu salamu tu, basi.

Nikaanza kusoma upya, nikiri tu, nilikuwa natafuta pa kujitetea. Nikakuta hata yale majibu yenyewe hayakuwa yamekaa vizuri kama nilivyodhani. Ile habari ya Lusifa tunavyoihubiri utadhani iko Mwanzo sura ya kwanza, kumbe tumeitoa Isaya 14, na mstari wa 4 pale unasema wazi hayo maneno ni ya kumsimanga mfalme wa Babeli. Ni mababa wa kanisa, wale walimu wa karne za mwanzo, waliosoma humo anguko la Shetani. Sisemi walikosea, nasema tusiongee kama tulikuwepo. Mwanzo 3 nyoka anatokea tu, anaitwa mwerevu, hakuna anayeeleza uovu wake ulianzia wapi. Afu soma Isaya 45:7, Mungu mwenyewe anasema "nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya", kuhuluku ni kuumba, mstari huo sijawahi kuusikia kwenye mahubiri ya Jumapili hata siku moja! Na uhuru wa kuchagua sawa, unaeleza mwizi na muuaji, ila mtoto wa miezi minane mwenye homa alichagua nini?

Aliyenisaidia kidogo ni Agostino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, Mwafrika huyu, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Swali hili lilimsumbua kiasi kwamba alikaa kama miaka tisa na Wamani, wale waliosema kuna nuru na giza zinapigana tangu milele. Alipotoka huko akafundisha kwamba uovu sio kitu ambacho Mungu alikiumba, ni wema uliopungua, kama ugonjwa ulivyo kukosa afya. Mi naikubali sana hii hoja, tungeweza kukesha tunaijadili. Lakini nenda kamwambie mama aliyetoka kuzika kwamba kilichompata ni upungufu tu uone.

Kwa hiyo ushauri wangu ni angalia kwanza mtu anakuulizia wapi. Kama mko kwenye darasa la Biblia, chimbeni mpaka usiku, leteni na Agostino na kila mtu. Kama mko kwenye mkeka wa msiba, jibu ni "sijui", na unakaa. Wale rafiki wa Ayubu tunawacheka bure, walikaa chini na mwenzao siku saba mchana na usiku bila kusema neno, nani kati yetu anaweza? Waliharibu walipoanza kufafanua, na mwishoni (42:7) Mungu anawakasirikia wao wenye maelezo mazuri, Ayubu aliyelalamika sura na sura ndo anaambiwa alinena sawa.

Na jamani "kazi ya Mungu haina makosa" tuipumzishe, pamoja na "Mungu kampenda zaidi". Na ile ya kuuliza familia ilikosea wapi ndo mbaya kuliko zote, Yesu aliikataa kabisa kwenye Luka 13, wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wenzao, na hata yeye hakueleza kwa nini ulianguka. Kama lazima usome kitu, soma Zaburi 88, inalia kuanzia juu mpaka chini na inaishia gizani hivyohivyo, hakuna anayeharakishwa kufurahi.

Mwaka uliofuata nilienda kumuomba dada msamaha. Nikamwambia lile swali lako sina jibu, na siku ile pia sikuwa nalo. Akacheka kidogo. "Siku ile maji yalikatika," akasema, "wamama wanahangaika kupika, mapipa yamekauka, na we umesimama mlangoni unanieleza Lusifa. Ungebeba hata ndoo mbili."