Wasomaji Wanauliza: Chakula cha Wanajeshi Humfikia Nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tunabishana tangu tuone zile picha za Gaza za mwaka 2024, ndege za jeshi zikidondosha vyakula kwa miavuli. Yeye anasema mwanajeshi akikuletea mkate ujue ana lake. Mimi nasema mtoto mwenye njaa haulizi nani kapika. Wewe ulifanya kazi ya misaada Somalia. Je, chakula kinacholetwa na jeshi wakati wa vita kinasaidia kweli? Na sisi akina mama wa mtaani tukitaka kuchanga, tuchangie nini? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na magunia, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Agosti 1992 Wamarekani walileta ndege za kijeshi aina ya C-130 kwenye uwanja wa Moi, Mombasa, zipeleke chakula Somalia, na pia Wajir, kaskazini mwa Kenya, ambako ukame ulikuwa umewabana watu wetu. Mimi nilikuwa karani wa ghala wa shirika moja la misaada. Nilisimama pale juani na daftari, nikihesabu magunia ya kilo 50 yakipakiwa: 180, ikizidi sana 200. Ndege imejaa. Tani tisa au kumi, mzigo ambao trela moja la Changamwe lingeubeba mara mbili.

Hata hivyo sizibezi ndege zile. Kwa miezi sita zilipeleka tani zipatazo 48,000, wakati barabara zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki na bandari ya Mogadishu ikifungwa kila mapigano yalipozuka. Wako watu wanaoishi leo kwa sababu ya magunia yale. Kwa hilo, mwanangu, uko sahihi.

Lakini hesabu yangu iliishia mlangoni mwa ndege. Gunia likishushwa Baidoa, mji wa bara kusini mwa Somalia, lilikuwa na safari nyingine fupi, kutoka uwanjani hadi mjini, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Malori ya kukodi yalikuwa ya wenye bunduki. Walinzi wa malori walikuwa wenye bunduki haohao, na ilibidi walipwe wasituibie. Mchele tulioupakia Mombasa asubuhi, jioni ulikuwa dukani. Sikuyasikia haya kwa watu. Januari 1993 nilipelekwa Baidoa, nikayaona magunia yetu sokoni, yana alama niliyoichora mwenyewe kwa rangi.

Nilipofika, wengi wa waliokufa walikuwa wamekwisha kufa, mwezi wa nane na wa tisa, kabla wanajeshi wa Marekani hawajashuka Mogadishu tarehe 9 Desemba 1992. Na mumeo alijue hili: watu wa Bay, mkoa ulipo mji wa Baidoa, ni wakulima wa mtama. Ukame uliwapiga, ndiyo, lakini wao ukame wanaujua, huweka akiba ya mtama mashimoni ardhini kwa ajili ya mwaka kama ule. Kilichowamaliza ni vikosi vilivyopita na kurudi baada ya rais wa Somalia, Siad Barre, kuanguka Januari 1991. Vilifukua mashimo, vikachukua ng'ombe na ngamia, wakulima wakabaki mikono mitupu. Njaa ile ililetwa kwa bunduki, ndiyo maana haikuweza kuondolewa kwa magunia peke yake.

Sasa nikwambie kilichofanya kazi. Msalaba Mwekundu ulifungua majiko ya mtaa, zaidi ya 900 nchi nzima, yakilisha watu zaidi ya milioni moja. Sababu yake ni ya kiakili sana. Gunia la mchele lina bei, mtu atalipigania hata kwa risasi. Wali uliokwisha kupikwa na maharage hauna mnunuzi, ukilala unachacha. Mwenye bunduki anaupita. Isitoshe, jikoni kuna macho. Kwenye jiko moja nililokuwa nikilipelekea vyakula, mama mmoja alikuja kwa miguu kutoka upande wa Buurhakaba na mtoto mgongoni. Hakuweza kusimama kwenye foleni, akakaa chini ya ukuta. Mpishi, Msomali wa palepale, alimwona, akaacha mwiko, akampelekea uji kikombe kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lililokaa na njaa muda mrefu halipokei sahani nzima kwa mara moja. Mimi na daftari langu nisingemwona mama yule.

Ndege nayo haimwoni, na hili ndilo linaloniuma kuhusu miavuli. Mzigo ukitua uwanjani, anayeufikia ni kijana mwenye miguu. Mjane, kilema, mama aliyejifungua juzi, hao hawakimbii. Tarehe 2 Machi 2024 Wamarekani pamoja na Jordan walidondosha Gaza milo ipatayo 38,000, mahali penye watu zaidi ya milioni mbili. Siku sita baadaye mwavuli wa mzigo mmoja haukufunguka, watu watano wakafa. Kisha jeshi la Marekani likajenga gati la kuelea. Lilianza kazi Mei 17, mawimbi yakalivunja kabla ya mwezi kwisha, likatengenezwa, likaondolewa kabisa Julai, likiwa limefanya kazi siku kama 20 tu. Lilipitisha tani karibu 9,000. Hebu tuzipige kikarani: kwa lori la tani 20, hayo ni malori 450. Kabla ya vita, malori kama 500 yalikuwa yakiingia Gaza kwa siku moja, yenye bidhaa za kila aina. Njia za nchi kavu zilikuwepo muda wote ule. Zilihitaji kufunguliwa, na aliyekuwa akitoa mzigo angani alikuwa akimpa silaha yule aliyezibana, Israel.

Mumeo ana hoja nyingine nzito. Tarehe 7 Oktoba 2001, usiku uleule mabomu yalipoanza kupiga Afghanistan, ndege za Marekani zilidondosha pia pakiti za chakula 37,000 hivi. Pakiti zilikuwa za njano. Vibomu vidogo vinavyomwagwa na mabomu ya mtawanyiko, vile vinavyobaki ardhini bila kulipuka, navyo vilikuwa vya njano. Ilibidi watu watangaziwe redioni wasivichanganye, na baadaye rangi ya pakiti ikabadilishwa. Mimi ni baba. Sijui mzazi angemfundishaje mtoto wa miaka minne tofauti hiyo.

Hata hivyo nitawatetea wanajeshi kwa jambo moja, kwa kuwa nililiona. Pale Baidoa askari wa Australia walitembea pembeni ya malori yetu hadi kwenye vijiji, wakakaa hadi gunia la mwisho ligawiwe, wakaondoka nasi. Wizi ulipungua mno. Hawakugawa wao, walilinda, wakawaachia wagawaji kazi yao. Ila ulinzi huo nao hukaa vizuri pale tu mwenye kuulinda mstari wa chakula hajawa upande mmoja wa vita. Mogadishu mambo yaligeuka. Juni 5, 1993, askari 24 wa Pakistan wa Umoja wa Mataifa waliuawa, baadhi yao wakiwa kwenye kituo cha kugawia chakula, siku ambayo wenzao walikuwa wametumwa kukagua maghala ya silaha ya Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu. Kuanzia hapo hata sisi tusio na bunduki tulitazamwa kwa jicho lingine. Niliacha kuvaa fulana yenye nembo ya shirika.

Kwa hiyo mumeo akisema mwanajeshi ana lake, asiupige chenga ukweli kwamba mtu alikula. Na wewe ukiiona ndege inadondosha chakula, muulize mwenye ndege barabara ni ya nani, na kwa nini imefungwa.

Kuhusu mchango wenu, msinunue mchele mkaupakia kwenye makontena. Nauli itaula. Pelekeni fedha kwa wanaopika palepale, shirika lenye wapishi wenyeji, na msione vibaya fedha zenu zikinunua kitu kisichoonekana kwenye picha. Baidoa kuna siku jiko letu lilikaa na magunia 40 ya mchele na watu wakalala njaa. Kilichokosekana ni kuni.