Re: gdb inanitolea ?? tu badala ya majina ya fankisheni
Salama mkuu. Kwa nilivyokusoma, programu imekrashi kwenye seva, ukiifungua na gdb (programu ya kusaka hitilafu) na kupiga bt, yaani orodha ya fankisheni zilizokuwa zinaitana, unapata ?? kila mstari na wakati ulikompaili na -g kabisa, ile ya kuweka taarifa za kusakia hitilafu. Kabla hujaanza kukompaili upya, piga amri ya file kwenye programu iliyoko seva, siyo ya kwenye laptop yako. Ikikuandikia stripped (siyo not stripped) basi ndo hapo hapo, majina yameshanyofolewa. Mimi hii ilinila siku mbili, kumbe skripti ya kupakia ilikuwa inapitisha strip, amri ya kunyofoa hayo majina, kimyakimya!

Kama programu ile yenye majina yake bado unayo, piga readelf -n kwenye zote mbili, build-id (namba ya utambulisho ya programu iliyokompailiwa) lazima zifanane herufi kwa herufi, maana gdb inatafutia hiyo: id ikianza na 4f inaingia /usr/lib/debug/.build-id/4f/ halafu inatafuta faili lenye tarakimu zilizobaki na .debug mwishoni. Hiyo yenye majina iweke hapo kwa jina hilo, gdb inaidaka yenyewe.

Na ikichelewa kidogo unapoweka brekipointi (sehemu ya kusimamisha programu) usiikatishe, mwanzo huwa inasoma faharasa ya majina tu, maelezo kamili ya faili la kodi inayavuta ukishayahitaji. Ukikutana na optimized out badala ya thamani ya kigeugeu hiyo kesi nyingine, ni -O2 hiyo, kompaila imeboresha kodi kwa kasi, jaribu -Og inayofaa kusakia hitilafu.