Rangi za Kikorea kwenye kadi ya harusi: jibu kwa mdau aliyeuliza

Mkuu, umesema bibi harusi ni wa Tanga, bwana harusi wa Busan, Korea Kusini, na wenye shughuli wamekuambia tu "weka rangi za Kikorea". Nilisomea usanifu wa michoro Seoul miaka miwili, na kosa la rangi nililifanya mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Msingi ni rangi 5 zinazoitwa obangsaek, yaani rangi za pande tano. Buluu ni mashariki, nyeupe magharibi, nyekundu kusini, nyeusi kaskazini, na manjano inakaa katikati. Kila moja ina asili yake: mti, chuma, moto, maji na udongo. Kwa hiyo usiishie kuuliza nyekundu maana yake nini. Uliza imekaa wapi na jirani yake nani.

Hilo nililielewa Gyeongbokgung, ikulu ya kale jijini Seoul ya wafalme wa Joseon, ukoo uliotawala Korea zamani. Simama chini ya upenu uinue macho: nguzo nyekundu iliyoiva, juu yake boriti za kijani zenye maua ya buluu na rangi ya chungwa. Mapambo hayo huitwa dancheong, na rangi yenyewe hukinga mbao zisioze. Nilikaa pale alasiri nzima nikichora. Kumbe kila ua limezungushiwa mstari mwembamba, mweupe au mweusi, na mstari huo ndio unaozifanya rangi kali zikae pamoja bila kupigana. Hiyo mbinu ichukue kama ilivyo.

Sasa kosa langu. Niliandika majina ya wanafunzi wenzangu kwa kalamu nyekundu kwenye orodha ya kazi za kikundi. Dada mmoja akaichukua ile karatasi kimyakimya, akayaandika upya yote kwa nyeusi. Baadaye akanieleza kwamba jina lililoandikwa kwa wino mwekundu ni kama la marehemu. Lakini muhuri wa jina, ule wanaougonga badala ya sahihi, unagongwa kwa wino mwekundu na hakuna anayeshtuka! Kwa hiyo majina ya maharusi usiyachape kwa nyekundu hata kidogo, ila pambo dogo jekundu lenye umbo la muhuri halina shida.

Nyeupe usiiogope. Watu wengine watakuambia ni ya msiba. Kweli, nguo za msiba za zamani zilikuwa za katani isiyotiwa rangi, lakini Wakorea walivaa nyeupe kila siku hadi wakajiita taifa la wavaa nyeupe. Bahasha ya pesa ya harusi ni nyeupe, na ya rambirambi ni nyeupe pia. Ukipata nafasi tazama picha ya mtungi wa mwezi, kauri nyeupe ya karne ya 17 na 18. Uliumbwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa tumboni, ndiyo maana haukuviringika sawasawa, na weupe wake unaelekea maziwa. Mimi sijaona nyeupe nzuri kuliko ile. Karatasi ya kadi itafute ya namna hiyo, isiyong'aa.

Kwa harusi yenyewe, jozi ni nyekundu na buluu. Ukumbini mama wa bwana harusi huwasha mshumaa wa buluu, mama wa bibi harusi mwekundu, na hata nguo zao mara nyingi hufuata hivyo. Mstari wa buluu upande wa bwana harusi, mwekundu upande wa bibi, na kila mgeni wa Busan ataelewa. Upande wa Tanga una kisutu, ile kanga ya harusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, na zote tatu zimo kwenye zile 5. Pindo lake liweke chini ya kadi.

Angalizo la mwisho: neno lao pureuda hubeba buluu na kijani pia, hata taa ya kijani ya barabarani wanaiita ya buluu. Usikubaliane nao rangi kwa simu. Chapa sampuli, wapelekee waishike mkononi.