Spitali bure, njia si bure

Kuna aliyeuliza hapa kwa nini wanawake wa shamba Pemba bado wanazalia nyumbani ilhali spitali hawalipishwi. Waliomjibu "ujinga tu" wanisamehe. Mie nimezaa mara nne, wawili spitali na wawili nyumbani, na mimba zote nilihudhuria kliniki, kadi ninazo.

Nakaa kisiwa kidogo, katika vile vya pembeni mfano wa Fundo, Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza. Wa kwanza nilipelekwa spitali, maana kifungua mimba kila mtu anamuogopa. Nilifika saa nne usiku, nguo zimerowa maji ya chumvi. Nesi akafunua beseni langu: "Kanga mbili tu? Ndizo ulizojia nazo hizi?" Akamtazama mwenzake wakacheka. Halafu akaingia mwanamume kunipima, pazia limening'inia kwa ndoano moja, na ng'ambo ya pili wamekaa watu wanaongojea wagonjwa wao. Sikupigwa wala sikutukanwa. Lakini stirihi yangu niliiacha pale.

Wa pili nikanyamaza. Uchungu ulinianza alasiri, nikaendelea kupaa samaki. Kwetu uchungu hautangazwi, wanasema ukijuliwa na wengi utachelewa. Mavyaa, mama wa mume wangu, alipojua, jua limeshatua, mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na bila ya yeye hakuna aliyetaka kubeba dhamana ya kunitoa. Akaitwa bi mkunga, ambaye tangu mimba changa ndiye anikandaye na ananiita kwa jina langu la utotoni. Uji wa pilipili manga, zalio likafukiwa nyuma ya nyumba, alhamdulillahi.

Wa tatu naye nyumbani. Mtoto alitoka vizuri, damu haikukatika. Bi mkunga mwenyewe, Mungu amlipe, ndiye aliyesema, "Huyu si wangu tena." Na siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamekupwa, madau yote yamekaa mchangani. Wanaume wanne walinibeba kwa kitanda cha kamba, wakikanyaga tope mpaka magotini, hadi kwenye kina walikopata boti ya mashine. Mafuta yalikopwa dukani. Shemegi yangu kila hatua chache ananiuliza, "Unanisikia?" nami namsikia kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Nilitiwa damu chupa mbili. Nesi aliyekesha nami usiku ule alikuwa na mkono mwepesi na maneno ya kheri. Nimtaje naye, nisije nikaonekana nawasema wote.

Unguja, mwaka 2009 hadi 2010, walifanya utafiti: wajawazito wakatumiwa meseji za simu na vocha ya kumpigia mkunga wa kituo. Waliozaa mikononi mwa wataalamu wakawa asilimia 60, kwa 47 ya wasiotumiwa. Ila faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, wa shamba haikuwafikia. Mie sikushangaa. Meseji haiteremshi dau majini.

Kilichonisaidia mimba ya nne ni mhudumu wa afya wa jamii, hawa wanaozunguka na simu chini ya Jamii ni Afya, mpango wa afya wa Zanzibar ulioanza 2019. Hakunihubiria. Alimkalisha mume wangu barazani akamuuliza: boti ya nani, pesa ya mafuta iko wapi, na wewe ukiwa dago nani atatoa ruhusa? Mume wangu aliinama muda mrefu, kisha akamgeukia mama yake: "Mimi nisipopatikana kwa simu, mama, mtoe wewe." Mavyaa hakujibu, lakini tangu siku ile ndiye aliyeihifadhi pesa ya mafuta, kaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Wiki mbili kabla ya siku zangu nikahamia kwa mama mdogo, ng'ambo ya maji, kisiwa kikubwa. Si kila mtu ana mama mdogo ng'ambo, na watoto watatu niliowaacha walilelewa na huyo huyo mavyaa mnayependa kumlaumu.

Beseni langu safari hii nilitia kanga sita. Mbili zilirudi hazijafunuliwa.